Siku Tuliyotafuta Chuma Karuba

Swali ninaloulizwa tangu nilipoacha mashine ya kutafutia dhahabu ni lile lile nililoulizwa miaka yote nilipokuwa nayo: "Papa Esther, sansibilite niweke ngapi?" Mtu anaulizia usikivu wa mashine, hajasema udongo wake ni wa aina gani, hajasema anatafuta nini, anataka namba tu, kana kwamba naandika dawa ya minyoo. Sasa masikio yangu yamekwisha na magoti nayo yameomba ruhusa, kwa hiyo nimeona niwaandikie nyinyi mnaobaki na kazi. Namba sitawapa. Nitawaeleza jinsi inavyotafutwa, kisha nitawaeleza habari za shamba moja la Karuba ambalo bado linaninyima usingizi.

Mimi ni baba yake Esther, mtu wa Kingi huko Masisi. Kwetu tulilima maharage na mihogo, nami nilidhani nitazeekea humo. Walikale nilikwenda kwa sababu vita vilitutoa shambani, si kwa tamaa ya dhahabu, ingawa tamaa nayo ilikuja baadaye bila kualikwa. Nilifika kwenye kambi ya wachimbaji kando ya mto, msitu pande zote, mvua haikatiki, nikapewa kazi ya kubeba koleo nyuma ya mzee mmoja wa Muheto aliyeitwa Papa Anselme. Yeye ndiye aliyekuwa na mashine pekee pale mtoni: fimbo yenye sahani pana chini, kisanduku cha betri, na spika za kuvaa masikioni. Wachimbaji walimwita Daktari kwa ajili ya zile spika. Hakulipenda jina hilo, lakini sikuwahi kusikia akilikataa.

Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kuigusa fimbo. Alinivika spika, akaipitisha sahani juu ya udongo yeye mwenyewe, akaniambia nisikilize. Nilisikia mvumo mwembamba usiokatika, kama mzinga wa nyuki ulio mbali.

"Nasikia tu kelele, Papa."

"Ile kelele njo kazi," akasema. "Kama inakuchokesha, rudia kwenu Kingi, ulime maharagi."

Nilichoka, lakini sikurudi. Baadaye nilielewa alichokuwa akinifundisha. Punje ndogo ya dhahabu haipigi kelele. Inauinua ule mvumo kidogo tu, kisha mvumo unarudi ulivyokuwa, na asiyeuzoea mvumo hataona kwamba uliinuka. Ndiyo maana kuchagua sansibilite si kuipa mashine nguvu, ni kuutunza ule mvumo usitikisike.

Kila mgeni hukimbilia kuzungusha kitufe mpaka mwisho. Anafikiri mashine yenye nguvu nyingi itaona mbali zaidi. Udongo wa Walikale, hasa ule mwekundu wenye vijiwe vyeusi vizito, umejaa chuma chake wenyewe, na ukiifungua mashine mpaka mwisho inausikia udongo wote kwa pamoja. Inapayuka kila upande, na dhahabu inapita katikati ya kelele hizo bila kujulikana. Nimewaona watu wazima wakichimba mashimo asubuhi nzima, wakitoa udongo mtupu, huku wakiilaani mashine kwamba imelogwa.

Fanyeni hivi. Kwanza tafuta mahali pasipo na kitu, uinue na kuishusha sahani, usawazishe mpaka mvumo usibadilike sahani ikipanda wala ikishuka. Kisha pandisha sansibilite taratibu huku ukiipitisha sahani polepole, karibu kabisa na ardhi. Mvumo ukianza kukatika-katika, umevuka mpaka. Rudi nyuma kidogo mpaka utulie. Hapo ndipo pako, kwa mahali pale na asubuhi ile tu. Ukivuka kijito ukakuta changarawe nyeupe, anza upya, maana hapo unaweza kupandisha zaidi. Mvua ikinyesha, anza upya. Akikusogelea mtu mwenye simu mfukoni, mfukuze kwanza, ndipo uanze upya. Papa Anselme alikuwa na punje ya risasi ya gobore aliyoifunga kwenye kipande cha ngozi, naye kila asubuhi aliifukia yeye mwenyewe na kuipitia. Asipoisikia, hakuna mtu aliyeshika koleo.

Kisha kuna kitufe cha kukataa chuma. Ukikibonyeza, mashine inanyamaza juu ya misumari, makopo ya sardini, maganda ya risasi na majembe yaliyovunjika, inasema tu juu ya vile unavyovitaka. Papa Anselme alikichukia chuma kuliko alivyowachukia askari wa vizuizini. Wakati mwingine tulipita mahali palipowahi kuwa kijiji, msitu umeshafunika kila kitu, naye alikagua mara mbili kama kitufe kimeshuka. "Uchafu ya batu," alisema. Nami nilijifunza hivyo. Baada ya miaka, kidole changu kilikuwa kinakibonyeza chenyewe kabla sijavaa spika. Hata nyinyi ninaowaandikia, nimewaona, vidole vyenu ni hivyo hivyo.

Papa Anselme alikufa msimu wa mvua. Homa ilimshika kambini, tukamfunga nyuma ya piki ili tumkimbize hospitali, na barabara mnaijua. Alikata roho njiani, akiwa ameegemea mgongo wangu, na kwa muda fulani sikujua. Tope lilikuwa limekata njia mbele na nyuma, kwa hiyo tulimzika kando ya barabara, karibu na daraja la magogo. Niliipeleka nguo yake Muheto kwa mke wake. Hakuniuliza alikufa vipi. Aliniuliza, "Mulimuzika fasi gani?" Nikamweleza: ukivuka daraja la magogo, upande wa kuume, chini ya mti uliopasuka. Niliporudi Walikale nilikuta mto umelisomba daraja na mti umekwenda nalo. Yule mama ameniuliza tena mara nyingi, nami kila mara namweleza daraja lisilokuwapo. Inaniuma hadi leo, na sioni kama itaacha kuniuma.

Mashine niliirithi mimi. Nilifanya nayo kazi miaka mingi kwenye mito ile, nikiwa nimeyapitia mengi ambayo hayahusu sansibilite, kisha nikarudi Masisi kulipotulia kidogo. Hapo masikio yalikuwa yameanza kunisaliti. Nilimchukua Patient tufanye kazi pamoja. Patient ni mtu mzima wa Muheto, baba wa watoto, mrefu kuliko milango ya Masisi, na ana sikio zuri kuliko langu lilivyowahi kuwa. Ikawa yeye anatembea na mashine kwenye vijito, mimi nakaa kwenye jiwe na kumkosoa. Kazi hiyo niliiweza vizuri sana.

Ilikuwa karibu na kuacha kwangu ndipo Mama Riziki alipokuja Kingi kwa piki kunitafuta. Sikumjua. Alikuwa mama wa makamo kutoka Karuba, kitenge chake kimejaa tope la safari, na hakukubali kuketi.

"Papa Esther, mashine yenu ilinidanganya," alisema. "Ao ni mutu wenu alinidanganya. Sijue."

Nilimpa maji, akanieleza. Siku walipokimbia Karuba, risasi zikiwa zinalia upande wa Mushaki, mtoto wake wa mwisho alikuwa ameamka na homa kali, na kabla ya saa za kuondoka mtoto akafa. Aliitwa Zawadi. Mume wake alichimba haraka kwa jembe kwenye shamba lao, hapakuwa na mbao wala muda wa sala ndefu, na Mama Riziki aliogopa mbwa watamfukua. Akachukua beseni la chuma alilokuwa akimwogeshea mtoto, akamfunika nalo kifudifudi, wakarudisha udongo, wakakimbia.

"Bwana yangu njo alichimbaka," alisema. "Miye nilikuwa nabeba bale batoto bengine, nililia, sikuangalia muzuri. Tulisema muti ya avoka njo alama. Bwana yangu alikufaka kule kambini, pembeni ya Goma. Sasa nimerudia, avoka baliikata, balitosha makala ya kupikia. Nyumba hakuna. Ni majani tu."

Sasa shamba lilikuwa linangojewa. Mvua ilikuwa imeshaanza, na shemeji yake, Innocent, alitaka kulima ili maharage yasikose msimu. Mama Riziki alikuwa amewazuia. Hakutaka jembe la mtu limpate mtoto wake bila kujua. Innocent hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia kwamba Muheto kuna mtu mwenye mashine, akamwita amsaidie shemeji yake, na mtu huyo alikuwa Patient. Alikwenda bila kuniambia, akapita shamba lote, akamwambia yule mama kwamba hakuna kitu.

"Tangu pale, batu banasema akili yangu ilibakia mu kambi," Mama Riziki alisema. "Banasema mutoto nilimuzika fasi ingine, ao sikumuzika. Kesho kutwa banalima. Niliomba shemeki siku moja tu."

Nilimwita Patient, tukakutana naye njiani kuelekea Karuba. Nilimuuliza alichosikia.

"Papa, nilipita shamba yote, polepole, vile ulinifundisha," alisema. "Mashine ilikuwa kimya muzuri. Hakuna kitu. Hata musumari hakuna."

Hapo nilijua. Shamba la Karuba, mahali ambapo watu wenye bunduki walikuwa wamepiga kambi msimu baada ya msimu, liwe halina hata msumari mmoja?

"Patient, kitufe ya chuma ilikuwa namna gani?"

Alitazama kidole chake, kisha akatazama barabara. Sikumgombeza. Alikuwa amekwenda kumtafutia mama beseni la chuma, na mkono wake ukafanya kile ambacho mikono yetu sote hufanya asubuhi, ukakataa chuma. Mashine ilipita juu ya mtoto ikanyamaza, kama alivyoiamuru.

Tulifika shambani asubuhi ya siku ile moja aliyoiomba. Mabingobingo yalikuwa yamekatwa, migomba iliyojiotea imesimama ovyo, na chini kabisa ya mteremko Innocent na watu wake walikuwa wameketi juu ya mipini ya majembe wakisubiri. Patient alisimama kwenye ukingo, hakutaka kuingia. Niliichukua mashine mwenyewe, nikainua kitufe cha chuma, na nilipoiwasha ilinipigia makelele ambayo sijawahi kuyasikia Walikale yote. Maganda ya risasi, vipande vya mabati, makopo, misumari, waya. Kila hatua ilikuwa na kitu chake. Kukataa chuma, kimya kitupu. Kukubali chuma, shamba lote linapayuka. Mama Riziki alikuwa nyuma yangu, akizisikia kelele zile kutoka spikani, na alidhani kila mlio ni mtoto wake. Kila ulipolia, alisimama.

Basi nilikaa chini kwenye majani nikafikiri. Miaka yote nilikuwa nimewafundisha watu kupandisha sansibilite mpaka mahali mvumo unapovumilia, kwa sababu tulitafuta kitu kidogo. Hapa nilitafuta kitu kikubwa katikati ya vidogo. Nikaishusha. Niliishusha kwenye namba ambazo hata siku moja sikuwahi kuzitumia, mpaka namba ya mwisho kabisa kule chini, nikafukia ganda la risasi na kulipitia, mashine ikanyamaza. Kisha nikafanya jambo ambalo kwalo Papa Anselme angenipiga fimbo. Badala ya kuburuza sahani karibu na ardhi, niliiinua mpaka usawa wa goti. Vitu vidogo haviwezi kuita kutoka mbali hivyo. Kikubwa kinaweza. Andikeni hilo mahali, maana hamtalikuta kwenye kitabu kinachokuja na mashine.

Shamba likanyamaza. Nikaanza kutembea, na safari hii ukimya ule ulikuwa na maana.

Mlio wa kwanza ulikuwa wa sufuria kubwa yenye vijiko ndani na kichwa cha jembe juu yake, imefukiwa vizuri. Mama Riziki aliitambua. Jirani yake aliifukia siku ile ile ya kukimbia, akisema ataikuta akirudi. Jirani hakurudi, wala watoto wake. Aliifuta udongo kwa kitenge, akaiweka kando kwenye kivuli cha mgomba, akaniambia niendelee. Nilikumbuka vijiji vyote tulivyovipita kule msituni na kitufe kimeshuka, na vijiko vyote vilivyonyamazishwa, na nilisikia huzuni ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kazini. Huenda nayo ilichangia kunifanya niache.

Mchana ulipita. Mawingu yalikusanyika juu ya vilima, na Innocent alikuja kuniuliza kwa heshima, "Papa, bado sana?" Nikamwambia bado. Nilikuwa nimepita sehemu ya juu yote, na sasa nilishuka upande ambao Mama Riziki alisema hapana, haikuwa huku, huku kulikuwa mbali na avoka. Lakini avoka haikuwapo tena, na mtu anayelia hapimi umbali.

Hapo ndipo uliponijia. Mlio mpana, wa chini, unaoanza taratibu na kuisha taratibu. Niliupitia kutoka mashariki, kisha kutoka magharibi, kisha kwa kukata katikati, na kila upande ulikuwa na upana ule ule. Kitu cha mviringo. Nilichora ukingo wake juu ya udongo kwa kijiti.

"Ni ye?" Mama Riziki aliuliza.

"Mama, mashine haijue mutoto," nilimwambia. "Inajua chuma tu. Iko chuma kubwa, iko duara, haiko chini sana. Zaidi ya pale siwezi kusema."

Innocent alisogea na jembe lake. Nilimzuia, nikawarudisha wote mpaka kwenye ukingo wa shamba, maana chuma kikubwa katika udongo wa Masisi si beseni peke yake, kinaweza kuwa bomu, na nyinyi mnawajua waliochimba bila kufikiri. Nilichimba kutoka pembeni, kwa mwiko mdogo na kwa vidole. Udongo ulianza kubadilika rangi, ukawa na kutu. Kisha ukingo ukatokea: rangi nyeupe iliyobanduka, mstari wa buluu, na karibu na ukingo palikuwa na tundu lililozibwa kwa kipande cha alumini.

Nikamwita. Alikuja kwa magoti, kutoka mbali kidogo, kana kwamba yuko kanisani. Aliweka kidole juu ya ile alumini.

"Hii aliizibaka bwana yangu," alisema. "Ilikuwa inavuya."

Nilimuuliza kama anataka tuliinue. Alitikisa kichwa. Hakulia. Aliurudisha udongo kwa mikono yake, kidogo kidogo, na Innocent alipoinama kumsaidia alimsukuma mkono polepole. Alipomaliza alilainisha juu kwa viganja, kama mtu anayetandika.

Kisha akaniambia, "Ile unavalaka mu masikio, nipatie."

Nilimvika spika. Niliipitisha sahani juu ya mahali pale. Uso wake haukubadilika. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena." Nilirudisha mpaka mkono ukauma, na sikutaka aniambie basi, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua tungefanya nini baadaye.

Alizivua. Alinyanyuka, akamtazama Patient aliyekuwa bado kwenye ukingo wa shamba, pale pale alipokuwa tangu asubuhi.

"Patient, kuya usikie."

Patient alikuja. Ilibidi ainame sana ili yule mama amfikie, naye akainama, akakaa hivyo huku akivikwa spika kama mtoto anayevishwa kofia. Niliipitisha sahani. Alisikiliza muda mrefu, macho yamefumbwa, na machozi yakaanza kumtoka chini ya kope.

"Nasikia, mama," akasema.

"Anaitwa Zawadi. Batu bakikuuliza, utasema nini?"

"Nitasema iko hapa."

"Useme kwa nguvu. Bale banasikia."

Patient alinyooka, akageuka upande wa watu wa Innocent na wa vilima, akasema kwa sauti kubwa kwamba Zawadi yuko hapa. Hapo ndipo Mama Riziki alipotoa kilio, kile cha msiba, kinachowaita majirani. Innocent akalaza jembe lake kwenye majani, akavua kofia. Na kutoka juu kwenye vilima, wale wachache waliorudi Karuba wakaacha kulima, wakaanza kuteremka mmoja mmoja kuja kumlilia mtoto.